Homa ya Ini B Kazini: Mwongozo kwa Wanaoshika Damu na Wanaosafisha Baada Yao

Mwongozo huu una wasomaji wa aina mbili. Wa kwanza ni wale ambao kila mtu anajua kuwa wanashika damu: wauguzi, wakunga, matabibu, madaktari wa meno na wataalamu wa maabara. Wa pili ni wale wanaofuata nyuma yao, na ambao orodha ya chanjo huwaruka: mfanya usafi wa wodi, dobi anayekunjua mashuka ya chumba cha kujifungulia, mbeba taka, mchoma taka, hata mlinzi anayeitwa usiku kumshika mgonjwa anayefurukuta. Kinyozi, msusi na mtengeneza kucha nao wamo, kwa sababu kazi yao ina wembe na ngozi za watu.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba kinga kubwa dhidi ya homa ya ini B hupatikana kabla ya ajali, na kuikamilisha huchukua miezi 6. Mtu anayeanza kuitafuta chanjo siku aliyochomwa na sindano bado anaweza kusaidiwa, na hapa chini tutaeleza namna. Lakini atakuwa anakimbizana na saa, wakati mwenzake aliyechanjwa mapema ananawa mikono, anajaza fomu na kurudi kazini.

Kirusi chenyewe

Kirusi cha homa ya ini B hukaa kwenye damu, na kwa kiasi kidogo kwenye shahawa, majimaji ya ukeni na mate. Alama yake katika damu ilitambuliwa na daktari Mmarekani Baruch Blumberg na wenzake, wakatoa taarifa mwaka 1965. Kazi hiyo ilimpatia Blumberg Tuzo ya Nobel mwaka 1976, na siku yake ya kuzaliwa, Julai 28, ndiyo inayoadhimishwa kuwa Siku ya Homa ya Ini Duniani. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na maambukizi sugu, na watu milioni 1.1 walikufa mwaka huo, wengi kwa sirosisi, yaani ini lililojaa makovu na kusinyaa, au kwa saratani ya ini. Kati ya maambukizi mapya ya mwaka huo, takriban asilimia 63 yalitokea Kanda ya Afrika.

Umri wa kuambukizwa ndio unaoamua mengi. Mtoto anayeambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa asilimia 90 hivi wa kubaki na kirusi maisha yake yote. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 5 uwezekano huo ni kati ya asilimia 30 na 50. Mtu mzima mwenye afya hushinda mara nyingi: chini ya asilimia 5 tu ndio hubaki na maambukizi sugu. Hesabu hii haimpi mfanyakazi ruhusa ya kulegea, kwa kuwa hata maambukizi ya muda huweza kuua ini ghafla, ingawa hutokea kwa nadra. Ila inaonyesha kitu ambacho wengi hawakifikirii. Katika kila zamu, mbali na wale wanaoweza kuambukizwa kazini, huenda yupo mwenzenu aliyekuja na kirusi tangu utotoni bila kujua. Kwa hiyo kupima ni kwa ajili ya pande zote mbili.

Dalili ni kiongozi mbaya. Wengi hawaoni chochote. Wachache, kati ya siku 30 na 180 baada ya kuambukizwa, huona uchovu usioelezeka, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, maumivu chini ya mbavu za kulia, mkojo mweusi na macho ya manjano. Mwenye maambukizi sugu anaweza kuishi miaka 20 au 30 akiwa mzima wa kuonekana, akachangia damu, akaitwa na kuambiwa majibu ambayo hakuyatarajia. Watu wengi hupata habari zao kwa njia hiyo, kwa kuwa damu ya kuchangia hupimwa VVU, kaswende na homa ya ini B na C.

Hofu iliyokaa mahali pasipo pake

Mtu akichomwa na sindano iliyotumika, neno la kwanza mdomoni ni UKIMWI. Tuangalie takwimu. Sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU ikikuchoma, uwezekano wa kuambukizwa ni takriban asilimia 0.3, yaani watu 3 kati ya 1,000. Damu ikiwa ya mtu mwenye homa ya ini B, na wewe hujachanjwa, uwezekano ni kati ya asilimia 6 na 30, kutegemea wingi wa virusi katika damu ile. Tofauti hiyo ni ya makumi ya mara. VVU haina chanjo, homa ya ini B inayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini ni ile ya kwanza inayotunyima usingizi.

Kirusi hiki ni kigumu pia. Kinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, ndani ya tone la damu lililokauka juu ya meza, kwenye mkasi, au kwenye ukingo wa ndoo. Damu haihitaji kuonekana. Ndiyo maana dobi na mfanya usafi wamo hatarini hata kama hawajawahi kumgusa mgonjwa.

Kwa upande mwingine, hofu huwaangukia watu wasio na hatia. Homa ya ini B haiambukizwi kwa kula sahani moja, kunywea kikombe kimoja, kushikana mikono, kukumbatiana, kukohoa, kupiga chafya wala kutumia choo kimoja. Haipiti kwenye maji wala chakula. Hiyo ni homa ya ini A na E, magonjwa mengine kabisa yanayoshirikiana nayo jina tu. Mama mwenye kirusi anaweza kunyonyesha. Kwa hiyo mwenzako mwenye majibu chanya hahitaji kikombe chake cha chai kiwekewe alama. Vitu visivyoazimanwa ni wembe, mswaki, mkasi wa kucha, sindano na chochote kingine kinachoweza kubeba damu. Tendo la ndoa na mtu asiyechanjwa linahitaji kondomu mpaka mwenzi huyo apimwe na kukamilisha chanjo.

Pima kwanza, kisha chanja

Tanzania iliiingiza chanjo ya homa ya ini B katika ratiba ya watoto mwaka 2002, na tangu 2009 hutolewa ndani ya chanjo ya pentavalenti, mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Hesabu ni rahisi: ukiwa umezaliwa kabla ya 2002, usidhani kwamba ulichanjwa utotoni. Hata aliyezaliwa baadaye, kama kadi ya kliniki imepotea na kazi yake ni ya damu, apime.

Karatasi ya maabara ina vifupisho ambavyo watu huvikodolea macho bila kuambiwa maana yake. HBsAg ni ganda la nje la kirusi. Ikiwa chanya, kirusi kimo mwilini sasa, na ikibaki chanya kwa zaidi ya miezi 6 maambukizi ni sugu. Anti-HBs ni kingamwili za ulinzi. Zikiwa chanya nawe huna HBsAg, una kinga, ama kwa chanjo ama kwa kuwa uliwahi kuambukizwa na mwili ukashinda. Anti-HBc hutenganisha hao wawili: aliyewahi kukutana na kirusi chenyewe huwa nayo, aliyepata kinga kwa chanjo peke yake huwa hana. Vituo vingi hupima HBsAg tu kwa kipimo cha haraka, na hicho kinatosha kuanzia. Ikiwa hasi, anza chanjo siku hiyohiyo. Kuahirisha ili utafute vipimo vingine ndiko kunakowaacha watu bila chanjo miaka mitano.

Chanjo ya mtu mzima ni dozi 3 kwenye msuli wa bega: leo, baada ya mwezi 1, na baada ya miezi 6 tangu ile ya kwanza. Haina kirusi ndani yake. Ina protini ya ganda tu, ambayo tangu 1986 hutengenezwa kwa kutumia seli za hamira, hivyo haiwezi kukuambukiza. Mkono utauma siku moja au mbili, pengine na homa kidogo. Mjamzito anaweza kuchanjwa.

Dozi ya tatu ndiyo inayosahaulika. Mtu ameshahama kituo, au mkataba wa kampuni ya usafi umeisha, au anajisikia kwamba dozi mbili zinatosha. Hazitoshi. Ila ukichelewa, habari njema ni kwamba hakuna kuanza upya; unaendelea pale ulipoachia, hata ikiwa mwaka umepita. Kinachotakiwa ni kutokaribiana mno: angalau wiki 4 kati ya ya kwanza na ya pili, wiki 8 kati ya ya pili na ya tatu, na wiki 16 kati ya ya kwanza na ya tatu. Piga picha ya kadi yako kwa simu kila unapochomwa dozi, uitunze mahali ambapo hata simu ikiibiwa utaipata.

Zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 wenye afya hupata kinga baada ya dozi 3. Mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho, mfanyakazi wa damu anashauriwa kupima kiwango cha anti-HBs. 10 au zaidi, kwa kipimo cha mIU kwa mililita, ni kinga. Aliyepata chini ya hapo arudie dozi 3 nyingine. Akishindwa tena, ajijue kuwa hana kinga, na jambo hilo liandikwe kwenye faili lake, maana matibabu yake siku ya ajali yatakuwa tofauti na ya wenzake. Aliyekwisha kuthibitishwa kuwa na kinga hahitaji dozi ya nyongeza kila baada ya miaka kadhaa, hata kama kuna duka la dawa linalomwambia vingine.

Siku ya ajali

Sindano ikikuchoma au wembe ukikukata, osha hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue jeraha, usilinyonye, usilimwagie klorini wala spiriti. Kukamua kumezoeleka sana, na bado hakuna faida iliyothibitishwa. Kunaumiza tishu tu. Damu ikikurukia machoni, yaoshe kwa maji safi mengi au kwa maji ya chumvi ya hospitali, ukifungua na kufumba kope. Ikiingia mdomoni, tema na usukutue mara kadhaa.

Kisha toa taarifa, kabla zamu haijaisha. Aibu ndiyo inayowachelewesha wengi: muuguzi anaogopa kuonekana mzembe, mfanya usafi anaogopa kufukuzwa. Msimamizi anayepokea taarifa kwa kufoka anahakikisha kwamba ajali inayofuata itafichwa.

Mambo mawili huulizwa kwa pamoja: damu ni ya nani, na wewe una kinga kiasi gani. Mgonjwa akijulikana na akikubali, apimwe HBsAg na VVU. Wewe nawe upimwe siku hiyohiyo, kwa sababu ambayo haihusu tiba peke yake: majibu hasi ya siku ya ajali ndiyo ushahidi wako kwamba, ukija kuambukizwa, uliambukizwa baada ya siku ile. Ukiwa na kinga iliyothibitishwa, kwa homa ya ini B hakuna la kufanya zaidi. Kama hukuchanjwa, dozi ya kwanza itolewe haraka, vizuri zaidi ndani ya saa 24, kisha ratiba iendelee. Iwapo damu ni ya mtu mwenye kirusi, huongezwa kingamwili za kuchoma moja kwa moja, ziitwazo imunoglobulini ya homa ya ini B. Hizo zinafaa zikitolewa mapema, na baada ya siku 7 tangu kuchomwa hazitarajiwi kusaidia. Ni ghali, na vituo vingi havinazo. Msimamizi ajue leo, kabla ya ajali yoyote, ni hospitali gani ya karibu inazo. Kuuliza saa nane za usiku ni kuchelewa.

Dawa za kuzuia VVU baada ya ajali zina saa zake, 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Anza kinga zote mbili, ya VVU na ya homa ya ini B, bila kusubiri moja ikamilike.

Usitulizwe na majibu hasi ya wiki ya kwanza. HBsAg huonekana kwenye damu kati ya siku 30 na 60 hivi baada ya kuambukizwa, na wakati mwingine zaidi. Kwa asiyekuwa na kinga, kipimo kinachofunga jambo hili ni cha miezi 6. Hadi hapo usichangie damu, na tumia kondomu.

Mfanya usafi

Sehemu hii tumeirefusha makusudi. Anayechoma sindano huiona. Anayezoa taka huipata kwa kuchomwa. Mfuko mwembamba, sindano iliyotupwa ovyo ndani yake, na mtu aliyevaa glavu za kupimia wagonjwa ambazo ncha ya sindano inazipita bila kuhisi: hivyo ndivyo ajali nyingi za usafi zinavyotengenezwa, na aliyezianzisha hayupo tena chumbani.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kumlinda mfanya usafi inamhusu anayetumia sindano. Usiirudishie kifuniko chake. Usiipinde, usiivunje, usiichomoe kwenye bomba kwa vidole, usimkabidhi mwenzako mkononi. Itumbukize kwenye boksi la usalama, nalo liwe pale unapochomea, si koridoni. Boksi likifika robo tatu, lifungwe na lingine lifunguliwe. Lililojaa mpaka linasukumiwa ndani kwa kidole ni la hatari kuliko kutokuwa na boksi, kwa sababu watu wanaliamini. Pale maboksi yanapoisha, chukua dumu la plastiki ngumu lenye kifuniko cha kukaza na uliandike. Chupa ya maji ya kunywa haifai, maana inatobolewa.

Mfanya usafi anahitaji glavu nene za mpira zinazofika karibu na kiwiko, aproni isiyopitisha maji na gamubuti. Ndala si vazi la kazi hii. Mfuko wa taka usishindiliwe kwa mkono wala kwa mguu. Ubebwe kwa shingo yake, mbali na paja, na usikumbatiwe. Ukiona ncha imetokeza, usijaribu kuirudisha. Weka mfuko wote ndani ya ndoo ngumu. Sindano iliyoanguka sakafuni iokotwe kwa koleo au kwa fagio na kizoleo.

Damu iliyomwagika isipigwe deki moja kwa moja, kwani deki huisambaza chumba kizima. Ifunike kwa kitambaa au karatasi inyonywe, ondoa, mwagia klorini ya asilimia 0.5, subiri dakika 10, ndipo usafishe kwa maji na sabuni. Kupata asilimia 0.5 kunategemea chupa uliyonunua, na hapa ndipo watu hukosea wakifuata kipimo kimoja kwa kila chupa. Soma asilimia iliyoandikwa, gawanya kwa 0.5, kisha toa 1; jibu ni sehemu za maji kwa kila sehemu 1 ya dawa. Chupa ya asilimia 3.5 inataka kikombe 1 cha dawa kwa vikombe 6 vya maji, na ya asilimia 5 kikombe 1 kwa 9. Changanya kila siku upya, kwa kuwa mchanganyiko wa jana umepoteza nguvu. Usiuchanganye na tindikali ya chooni. Hutoa hewa ya sumu.

Mashuka yenye damu yakunjwe kuelekea ndani na yapelekwe kufuliwa kwenye mfuko usiovuja. Yasihesabiwe wala kukung’utwa wodini. Dobi naye anastahili kujua kwamba mikasi na sindano husahaulika ndani ya mashuka ya upasuaji. Asiingize mkono kabla ya kuyafungua taratibu mezani.

Saluni na kinyozi

Wembe mpya kwa kila kichwa, ufunguliwe mbele ya mteja. Mteja anayeomba kuuona hakutukani. Wembe uliotumika uingie kwenye kopo gumu lenye tundu dogo, siyo kwenye ndoo ya nywele atakayoizoa kijana wa kazi kwa mikono.

Mashine ya kunyolea ina tabu zaidi. Kupuliza spiriti na kuendelea papo hapo na kichwa kinachofuata hakutoshi, hasa ikiwa nywele na damu zimekwama kati ya meno. Zima mashine, toa nywele kwa brashi, futa meno kwa spiriti ya asilimia 70 mpaka yalowe, uyaache yakauke yenyewe. Ukiwa na mashine mbili unaweza kupishanisha bila kupoteza wateja. Kile kiboksi chenye taa ya buluu kinachopendeza macho ya wateja kichukuliwe kama kabati. Mwanga wake haufiki nyuma ya meno wala chini ya uchafu, kwa hiyo hauchukui nafasi ya kuosha.

Jiwe la shabu ni jambo dogo ambalo halisemwi. Kidevu kimetoka damu, kinyozi analipaka jiwe, analirudisha kwenye kijisahani, na jiwe lilelile linakwenda kwa kidevu kingine. Lisage, umpe kila mteja chembe zake kwenye pamba na uitupe. Kwa kucha, mikasi na vijiti vya chuma vioshwe kwa brashi na sabuni kwanza, kisha vilowekwe kwenye klorini ya asilimia 0.5 dakika 10 na kusuuzwa ili visishike kutu. Vya mti vitumike mara moja.

Majibu yakiwa chanya

Huhitaji kuacha kazi. Wahudumu wengi wa afya wenye kirusi hiki huendelea na kazi zao zote. Wanaofanya upasuaji wa ndani ya mwili ndio wanaohitaji kupimwa wingi wa virusi na kupewa ushauri maalumu. Majibu ni siri yako na ya daktari wako.

Hadi sasa hakuna dawa ya kukiondoa kirusi kwa uhakika, kwa sababu hujificha ndani ya kiini cha seli za ini. Zipo dawa za kukidhibiti, tenofoviri na entekaviri, na hupunguza sana hatari ya sirosisi na saratani. Si kila mwenye kirusi huanzishiwa dawa mara moja; daktari huangalia hali ya ini, wingi wa virusi na umri. Asiyeanza dawa bado ana miadi: vipimo vya ini, na altrasaundi pale daktari atakapoelekeza, mara nyingi kila miezi 6. Aliyeanza asiache kwa uamuzi wake, kwa kuwa kirusi kinaweza kurudi kwa kishindo na kuvunja ini. Tenofoviri imo pia katika dawa za VVU na katika vidonge vya kujikinga na VVU, hivyo anayetumia vidonge hivyo naye apime homa ya ini B kabla ya kuanza na kabla ya kuacha. Wanaotangaza dawa ya kienyeji ya kusafisha ini kwa siku 14 wanauza kitu ambacho ini lenyewe ndilo litakalolazimika kukichuja.

Pombe iachwe. Na kuna adui mwingine aliye sahanini, ambaye kwa Afrika Mashariki anastahili kutajwa kwa jina: sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara zilipata mlipuko wake. Ikikutana na homa ya ini B katika mwili mmoja, hatari ya saratani ya ini huongezeka mara nyingi kuliko kila moja peke yake. Mwenye kirusi asinunue mahindi yaliyobadilika rangi kwa sababu ya bei, wala karanga chungu, na kuosha au kupika hakuiondoi sumu hiyo.

Mama mjamzito mwenye kirusi aiambie kliniki mapema. Anaweza kupewa tenofoviri katika miezi ya mwisho ikiwa virusi ni vingi, na mtoto achanjwe ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa, bila kungoja wiki ya 6. Hospitali iulizwe kuhusu dozi hiyo mimba ikiwa bado changa, ili ipatikane.

Wanaojiandaa kwenda kufanya kazi nchi za Ghuba wajue kuwa homa ya ini B imo katika vipimo vya afya vya nchi nyingi za huko na majibu chanya huweza kufunga safari. Pima kabla hujamlipa wakala hata shilingi.

Kwa mwajiri na msimamizi

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamwajibisha mwajiri kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya 2008, hushughulikia ajali na magonjwa yatokanayo na kazi, na michango yake hutoka kwa mwajiri bila kukatwa kwenye mshahara. Lakini fidia hudai ushahidi, na ushahidi wa homa ya ini B ni karatasi tatu: kipimo cha siku ya kuajiriwa, daftari la ajali, na kipimo cha siku ya ajali. Kituo kisichokuwa nazo kimemnyima mfanyakazi wake madai kabla hajayaanza.

Daftari la ajali liwe na tarehe na saa, aina ya kifaa, kazi iliyokuwa ikifanyika, hali ya chanjo ya aliyeumia, majibu ya mgonjwa kama yamepatikana, saa ya dozi ya kwanza, na tarehe za vipimo vya marudio. Likague kila mwezi. Ajali tatu kwenye chumba kimoja zinasema kitu kuhusu chumba hicho, pengine boksi limewekwa mbali au taa haiwaki.

Usafi ukikabidhiwa kwa kampuni, chanjo huangukia katikati: hospitali inasema si waajiriwa wake, kampuni inasema bei ya zabuni haikuihesabu. Tatizo hili hutatuliwa kwenye mkataba, kabla ya kusainiwa. Uandikwe wazi nani analipia kipimo na dozi 3, kwamba hakuna anayepangiwa wodi ya wazazi, chumba cha upasuaji, maabara au kichoma taka kabla ya dozi ya kwanza, na kwamba anayehamishwa au kuachishwa kabla ya mwezi wa 6 hupewa kadi yake mkononi pamoja na jina la kituo atakakomalizia. Kibarua wa siku tatu naye anaingia katika masharti hayo, na akichomwa na sindano hupata huduma ileile ya saa 24 bila kuulizwa kitambulisho cha kazi.